Boti Kuukuu ya Uvuvi Ziwa Nyasa: Uikarabati Tena au Ununue Nyingine?

Boti ya mbao haifi siku moja. Mwaka wa kwanza unachota ndoo mbili kila asubuhi, mwaka unaofuata ndoo sita, mwisho kijana mmoja anakaa kuchota tu wakati wenzake wanavuta nyavu. Mmiliki wa Matema au Mwaya upande wa Kyela, au kule Lupingu na Manda upande wa Ludewa mara nyingi huanza kufikiria boti mpya akiwa na hasira: mashine imegoma, usipa, dagaa wa ziwa hili, umevuliwa na wengine, wiki imepita bure. Hasira si kipimo. Boti hupimwa ikiwa nchi kavu, kwa nyundo, bisibisi, kamba na ndoo. Kalamu hufuata baadaye.

Kwanza jiulize kilichochoka ni nini

Watu husema "boti imechoka" wakimaanisha vitu vitatu tofauti: boti yenyewe, mashine, na nyavu. Kila kimoja kina umri wake. Kubadilisha boti kwa sababu ya mashine mbovu ni kununua hasara mpya, maana mashine ileile utaihamishia kwenye boti mpya.

Anza na mashine kwa sababu ni rahisi kuipima. Fungua plagi: kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye mafuta inaashiria oili nyingi au kabureta chafu, nyeupe inaashiria joto kali au petroli kidogo mno. Mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, ringi au silinda imelika. Fungua nati ya chini ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imeingiza maji. Tazama mkondo wa maji ya kupooza unaorushwa kando ya mashine: ukiwa dhaifu, pampu yake imekwisha au mchanga umeziba njia, na mchanga wa ufukwe wa Matema huziba kweli. Halafu propela. Meno yaliyolika au kupinda kwenye mawe chini ya milima ya Livingstone hula petroli bila mtu kugundua, na propela nyingine ni bei ndogo mno ukilinganisha na boti.

Mashine nyingi za petroli ya kuchanganya hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Kijana anayeongeza oili "ili mashine isife" huchafua plagi na kupunguza nguvu, halafu lawama inaipata boti.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Azima boti ya jirani yenye urefu unaokaribiana na yako, funga mashine yako, tia lita 10, na uende mwendo uleule ambao umeshaupima kwa boti yako, mzigo ukiwa uleule na ziwa likiwa limetulia. Petroli ikibaki nyingi zaidi, boti yako ndiyo nzito. Ikiwa sawasawa, tatizo unalibeba wewe kila unapohamisha mashine. Kwa kukisia, mashine ya HP 15 ya petroli ya kuchanganya ikifunguliwa yote hula lita 6 hivi kwa saa. Ikizidi sana hapo, usiguse mbao hata moja kabla ya kuitengeneza.

Kupima mifupa

Ubao wa ubavuni hubadilishwa kwa siku moja. Mkuku, ule mti mkuu wa chini unaopita urefu wote wa boti, na mataruma, yaani mbavu zake, ni habari nyingine, na hapo ndipo uamuzi wote ulipo.

Ivute boti juu, itoe kila kitu mpaka sakafu, ioshe, iache chini ya kivuli siku tatu au nne. Usiianike juani wiki mbili. Mbao zitasinyaa, maungio yatafunguka, na utaona ubovu usiokuwepo. Kisha lala chini ya boti. Fundi anayekuambia boti ni nzima bila kuchafua mgongo wake mlipe nauli arudi kwao.

Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mbao nzima hulia kikavu. Iliyooza hulia mzito, kama unagonga mgomba. Penye shaka choma kwa bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Ikizama zaidi ya nusu sentimita, weka alama ya chaki. Sehemu za kuchoma zaidi ni zile ambako maji ya mvua hukaa: miguu ya mataruma inapokutana na mkuku, chini ya kibanda cha omo, ubao wa nyuma unaobeba mashine hasa kuzunguka bolti zake, na mstari ambapo maji na hewa hukutana ubavuni.

Maji ya mvua ndiyo adui mkubwa zaidi huku kwetu. Pwani chumvi husaidia kuzuia kuvu wanaoozesha mbao, ingawa huko kuna wadudu wa baharini wanaotoboa. Ziwa Nyasa ni maji baridi, na Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Boti iliyoegeshwa bila turubai kuanzia Machi hadi Mei huoza kutokea ndani kwenda nje, ndiyo maana rangi ya nje inaweza kung'aa huku taruma likifinyangika mkononi. Na ikiegeshwa moja kwa moja juu ya udongo, mchwa humalizia kazi.

Sasa hesabu. Boti ya mita 8 ikiwa na mataruma 20, na yaliyooza ni matano au sita yaliyotawanyika, hiyo ni kazi ya ukarabati. Yakifika theluthi, au yakiwa matatu yanayofuatana, boti imepoteza mgongo mahali hapo: kila wimbi litaikunja palepale na pamba yoyote utakayotia kwenye maungio itatemwa. Mkuku uliolika kwa kuburutwa juu ya magogo unaweza kuongezewa ubao wa kuvaa chini, alimradi kiini chake ni kigumu. Mkuku uliooza kiini haubadilishwi kwa faida. Kuutoa ni kuivunja boti nzima na kuiunda upya, na fundi atakutoza hivyo.

Kamba ya mwashi inakuambia jambo moja ambalo jicho hulikosa. Ifunge kutoka ncha ya omo hadi tezi sambamba na mkuku, ivute ikaze, upime nafasi kati ya kamba na mkuku katikati na kila baada ya mita moja. Mkuku ulioundwa umenyooka ukiwa umepinda zaidi ya sentimita 3 kwenye boti ya mita 8, maungio yameachia. Linganisha na pande zote mbili pia, maana boti iliyopinda kwa ubavu mmoja huvuta usukani upande mmoja siku zote, na vijana huzoea wakadhani ni tabia yake.

Mwisho ng'oa misumari mitano: miwili ya omo, mmoja wa katikati, miwili ya nyuma. Itazame kiunoni, pale ubao unapokutana na taruma. Msumari wa kawaida usiopakwa zinki hulika hapo kwanza, kichwa na ncha vikibaki vizuri, na kutu yake hugeuza mbao inayouzunguka kuwa nyeusi na laini. Mitatu kati ya mitano ikiwa imelika nusu ya unene wake, boti nzima inashikiliwa na rangi na mazoea. Unaweza kupigilia upya kwa misumari ya zinki kwenye matundu mapya, lakini kwa sharti kwamba mataruma bado ni magumu kuishika.

Kupima uvujaji na uzito

Irudishe majini ikiwa tupu, isubiri siku mbili au tatu mbao zivimbe. Ikaushe ndani jioni, na asubuhi, muda wa saa 12 ukiwa umepita, pima maji kwa ndoo ya lita 20. Andika. Kisha pakia viroba vya mchanga kufikia uzito wa kawaida wa nyavu, watu na samaki, ukatembee nayo saa moja kwenye mawimbi ya kadiri, upime tena.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili ina maana kuliko wingi wa maji. Boti inayovuja ndoo tatu usiku kucha ikiwa imetulia, na kwa kasi ileile, yaani robo ndoo kwa saa, ikitembea, ina maungio machache mabovu. Kalafati nzuri, yaani kuziba maungio kwa pamba na lami, itaiponya. Boti inayovuja ndoo moja usiku kucha imetulia lakini ndoo tano kwa saa ikipigwa na mawimbi ina mbao zinazocheza juu ya mataruma. Hiyo ndiyo huzamisha watu, kwa sababu ufukweni huonekana nzima.

Uzito nao una namna yake ya kupimwa. Boti ya urefu wa mita 8.5 na upana wa mita 1.8 ina takribani mita za mraba 10 na nusu za uso unaogusa maji, ukitoa ncha zilizochongoka. Maana yake kila sentimita moja inayozama zaidi ni kilo 100 hivi. Ukikumbuka mstari wa zamani wa maji, au ukiuona kwenye rangi, na sasa boti tupu imekaa sentimita 4 chini yake, mbao zako zimebeba kilo 400 za maji zisizouzika sokoni. Petroli unaichoma kuzisafirisha kila usiku.

Kina hicho kinaondoa pia usalama. Mwera, upepo wa kusini mashariki, huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Mei na Agosti, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini, mawimbi hufika kwetu kaskazini yakiwa yamekua njia nzima. Boti iliyopakiwa ikiwa na ubavu chini ya sentimita 30 juu ya maji si boti ya kwenda nayo usipa usiku, hata mifupa ikiwa mizuri.

Hesabu kwa daftari

Chukua namba zako mwenyewe. Hizi hapa ni za mfano tu, kuonyesha njia. Tuseme unavua usiku 18 kwa mwezi, miezi 10, ukiacha mbalamwezi kali na mwera mkali: usiku 180.

Boti ya zamani: ukarabati mkubwa shilingi 1,400,000 utakaokupa miaka 3, yaani 467,000 kwa mwaka. Kalafati na rangi ya kila mwaka 250,000. Usiku 10 wa kulala ufukweni kwa sababu ya matengenezo, ukikosa 60,000 kila usiku, ni 600,000. Petroli ya ziada lita 2 kila usiku kwa shilingi 3,000 ni 1,080,000. Jumla karibu 2,397,000 kwa mwaka.

Boti mpya ya mbao: 7,000,000, itakaa miaka 12, mwishoni utaiuza 600,000. Gawanya 6,400,000 kwa 12 upate 533,000. Ongeza matunzo 200,000. Jumla 733,000.

Hapo boti mpya imeshinda bila ubishi. Lakini rudi kwenye kile kipimo cha boti ya jirani. Kama petroli ya ziada ilikuwa kosa la propela, na usiku unaopotea kwa ajili ya boti yenyewe ni mitatu tu, boti ya zamani inashuka hadi 897,000. Tofauti inabaki 164,000 kwa mwaka, na kwa tofauti hiyo hakuna haja ya kwenda kukopa. Karabati, weka akiba, pima tena baada ya miaka miwili.

Mkopo uhesabu kwa mwezi, si kwa mwaka. Milioni 4 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio, miezi 24, ni marejesho ya karibu 200,000 kila mwezi. Mwezi wa Julai benki haijui habari za mwera. Omba ratiba yenye marejesho madogo miezi ya upepo kabla hujasaini, na uulize ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu mikopo nafuu ya boti za kisasa ambayo serikali imekuwa ikiitoa kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Kikundi kilichosajiliwa husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja.

Ukiamua kununua

Boti mpya ya mbao huanzia kwenye mbao. Mninga ni mzuri kwa ubavu: hausinyai wala kuvimba sana, na mchwa hauupendi. Mvule pia. Msindano wa Mafinga, kutoka mashamba ya Sao Hill, ni rahisi na unapatikana kwa wingi, ila ukitumiwa chini ya maji bila dawa huoza mapema mno. Utumie kwenye viti na sakafu inayotolewa tu. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka unapokauka, na ukipasuka kwenye msumari umeisha. Nunua mbao za inchi 1 kabla ya mvua, zipange chini ya paa ukitenganisha kila safu kwa vipande vya mti ili hewa ipite, uziache miezi mitatu au minne. Mbao mbichi zikiundwa boti hufunguka maungio msimu wa kwanza tu. Dai kibali cha kusafirishia mazao ya misitu cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, na alama ya nyundo kwenye mbao, la sivyo zitaishia kwenye geti la maliasili.

Kubaliana na fundi kwa maandishi: urefu, idadi ya mataruma na umbali kati yao, misumari ya zinki, na malipo kwa awamu. Awamu moja ilipwe mkuku na mataruma vikiwa vimesimama kabla ya kufunikwa na mbao, ukivikagua kwa macho yako. Baada ya hapo hutaviona tena.

Faiba ni jambo tofauti. Ni nyepesi, haioze, husafishwa haraka baada ya usipa, na haina kalafati. Ina mambo matatu ambayo muuzaji hatayataja. Moja, ikijaa maji huzama moja kwa moja isipokuwa iwe na vyumba vilivyofungwa vyenye povu gumu, wakati boti tupu ya mbao hubaki ikielea hata ikijaa; uliza vyumba hivyo viko wapi na uvigonge. Mbili, kuburuta kwenye mchanga kila siku humaliza tabaka la chini, kwa hiyo agiza ubao au tabaka la ziada chini ya mkuku, na tumia magurudumu au magogo laini. Tatu, ufa mdogo unataka resini, dawa ya kugandisha na mkeka wa faiba, vitu ambavyo huvipati Ipinda wala Kyela mjini kila siku. Weka akiba ya lita 5 za resini pahali penye kivuli, na ujifunze kutia dawa yake kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Ikizidi hupata joto kali na kupasuka, ikipungua haikauki.

Faiba iliyotumika igonge kwa sarafu mwili mzima. Mlio uliokufa ni tabaka zilizoachana. Tazama malengelenge sehemu ya chini, na nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye bolti za mashine: ndani yake mara nyingi kuna ubao uliooza. Inamisha mashine juu na chini kwa mkono. Ubao wa nyuma ukicheza, acha.

Boti iliyotumika kutoka Mwanza au pwani huonekana rahisi mpaka ulipe usafiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, ukipandisha Kitonga, halafu Uyole, Tukuyu na kushuka Kyela. Boti pana inaning'inia nje ya lori na kila pigo la barabara hufungua maungio yaliyokauka. Omba bei ya usafiri kabla ya bei ya boti. Ya pwani ichunguze matundu ya wadudu wa baharini chini ya rangi na kutu kwenye kila bolti. Na boti iliyopakwa rangi wiki iliyopita ikaguliwe mara mbili, maana rangi mpya huuza boti mbovu kuliko dalali.

Mashine ya zamani kwenye boti mpya

Pima kabla fundi hajakata ubao wa nyuma. Mashine za mguu mfupi hutaka ubao wa urefu wa sentimita 38 hivi, za mguu mrefu 51. Sahani iliyo juu ya propela ikae usawa wa chini ya mkuku au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Ikiwa juu zaidi, propela itavuta hewa kwenye mawimbi na mashine itapiga kelele bila kusukuma. Ikiwa chini sana, utaburuta maji na kuchoma petroli. Kosa hili huonekana mara nyingi kwenye boti mpya, na mwenye boti huanza kusema ya zamani ilikuwa bora.

Chombo kipya kinahitaji usajili na leseni yake, pamoja na ukaguzi wa usalama ulio chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Jaketi za kuokolea ziwe za watu wote waliomo, zisiwe mbili za kuonyesha. Pitia BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wako, mapema, maana barua yao huombwa kwingi.

Boti ya zamani usimuuzie mtu wa kubeba abiria. Kama mataruma bado ni ya kadiri, iuze kwa anayevua karibu na ufukwe kwa kafi, ukimwonyesha alama zako za chaki. Kama mkuku umeoza, ivunje: misumari mizima, bolti, mbao za juu na viti vina kazi kwenye boti mpya. Futa namba yake ubavuni na uijulishe ofisi ya uvuvi.